Pengo

Saa kumi na moja alfajiri, kabla stima haijakatika,
Migosi ingali imejifunika, nachora kiboko.
Ni wa tatu wiki hii.
Wa kwanza anatisha, alisema Bi Mumbua kwa simu kutoka Nairobi.
Wa pili alinenepa kuipita hadithi.
"Mpe uso wa urafiki," akaniambia,
nami nimewahi kumwona kiboko, kule Dunga, akitoka magugumaji
na mahindi ya mtu mdomoni,
wala uso wake haukuwa na lolote la kuniambia.

Namchora anacheka. Kodi haicheki.

Kurasa ishirini na nne. Nusu ya malipo ukianza,
nusu "kitabu kikishaenda mtamboni",
na mtambo huo, ninavyoujua, hula polepole kama ng'ombe mgonjwa.
Mwenye nyumba nilimwonyesha mkataba; akaugeuza,
akatazama nyuma yake,
kana kwamba pesa zimejificha upande wa pili.
Mama yangu, Kimilili, huwaambia watu mimi ni mwalimu,
maana "mchoraji" humlazimu kueleza,
na akieleza wanauliza, "Wa mabango ya hoteli?"
Nimechora hayo pia. Samaki wangu yuko ukutani Kondele,
jicho limetobolewa na msumari wa kalenda.

Msichana wa hadithi hakuwa na sura.
Maandishi yalisema tu: Siku moja, msichana jasiri.
Basi mlangoni akasimama Akeyo wa jirani, miaka sita,
ametumwa kuomba chumvi,
akatabasamu, na pale mbele, juu,
hapakuwa na kitu. Giza dogo,
ulimi ukichungulia kama mpangaji mpya.
"Simama hivyo hivyo."
"Mpaka lini?"
"Mpaka mboga yenu iive bila chumvi."
Nikamchora kwa penseli nyuma ya risiti ya unga:
goti lenye kovu, viatu vya kaka yake, lile pengo.

Bi Mumbua akajibu: Mzuri sana. Mwongezee meno.
Kamati inaona wazazi watadhani anaumwa.

Nikaongeza. Ukurasa wa nne, wa saba, wa tisa,
meno mawili meupe kama vigae vya benki,
na kila nilipoweka moja niliuma langu.
Ila ule wa kumi na tisa,
pale anapokimbia mbali, mdogo kama punje ya mtama,
chini ya mvua niliyoirusha kwa mswaki mkuukuu,
sikugusa. Nukta moja ya wino ilibaki,
tukaijua mimi na mvua.

Ukapita mwaka na miezi minne.
Pesa ziliingia Jumanne, niko foleni ya maji,
simu ikatetemeka, nikasoma mara mbili,
zikaisha kabla ndoo haijajaa:
kodi, deni la dukani, karatasi nzito, ada ya mdogo wangu.
Nakala yangu ikaja kwa basi, imefungwa gazetini.
Jina langu limo, ndani, kwa herufi za sisimizi.
Namalwa, wameandika Namwala.
Nikaisahihisha kwa penseli, nakala hiyo moja;
zile elfu tatu nyingine ziende na huyo Namwala wao.

Jioni nikamwita Akeyo.
Siku hizi anasoma kwa kidole,
anameza maneno marefu kama dawa.
Kwa kiboko alicheka sana. Sikumwambia lolote kuhusu viboko.
Nikafungua wa kumi na tisa. "Unamjua huyu?"
Akainama mpaka pua ikagusa mvua.
"Hana meno."
"Ni wewe."
Akanitazama unavyomtazama mwongo unayempenda,
akainua mdomo wa juu kwa vidole viwili:
hayo hapo, mapya, makubwa kuliko uso,
ncha zake bado zina mawimbi.
"Mimi ninayo."

Kisha akafunua ukurasa,
aone kama yule mtoto alifika.